Sindano ya seli haioteshi gegedu ya goti

SWALI: Dokta shikamoo. Nina miaka 31, niliumia goti mpirani mwaka jana. Picha ya MRI imeonyesha gegedu (ule utando laini unaofunika ncha za mifupa) imebanduka kwenye mfupa wa paja, eneo la kama sentimita 2 kwa 2. Nimesikia Ulaya wanaotesha gegedu mpya kwa seli zako mwenyewe. Sasa kuna jamaa hapa mjini anachoma sindano ya stemseli (seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine) kwa milioni 2, anasema ndani ya wiki 6 gegedu inakuwa imeota. Nichome? Na mama yangu ana miaka 63, magoti yote yamesagika, nimpeleke naye?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usichome, na mama usimpeleke. Sasa ngoja nikuambie kwa nini, maana hili swali nalipata karibu kila kliniki na mara nyingi nakuta mtu keshatoa advansi.

Mnachouziwa ni kwamba seli ni mbegu, ukiimwaga gotini inaota. Jamani seli sio mbegu, seli ni fundi. Kwenye gegedu ya mtu mzima seli ni asilimia chache tu ya ujazo wake, kinachobeba uzito wako ni kolajeni, protini ya nyuzi nyuzi, iliyosukwa kama mkeka na maji yaliyobanwa humo ndani, na hao mafundi wachache waliijenga hiyo kazi miaka na miaka ulipokuwa unakua. Leo mtu anakumwagia mafundi milioni kadhaa kwenye goti ambalo jioni hiyo hiyo unalitembelea, hakuna nondo, hakuna fomu, hakuna cha kushika, wanaelea kwenye ute wa goti na wengi wanapotea tu.

Hiyo ya Ulaya uliyoisikia ni kweli ipo, ila sio sindano. Ilianzia Göteborg, Uswidi, mgonjwa wa kwanza alifanyiwa 1987, na 1994 wakachapisha matokeo ya wagonjwa 23. Unaingizwa kamera gotini, wanachukua kipande kidogo sana cha gegedu nzima mahali pasipobeba uzito, kinapelekwa maabara, seli zinatolewa na kukuzwa wiki kadhaa. Na hapo kuna kitu hao wachoma sindano hawakisemi kabisa: seli ya gegedu ukiikuza kwenye chombo bapa cha plastiki inabadilika umbo, inakuwa ndefu kama seli ya kovu, na inaanza kutengeneza kolajeni ya kovu badala ya ile ya gegedu. Ndio maana wahandisi wa tishu, yaani wataalamu wa kujenga nyama za mwili maabara, wamehangaika miaka yote hii kutafuta kitambaa cha kuzishikilia. Njia iliyoruhusiwa Marekani 2016 inapanda seli zako kwenye utando wa kolajeni ya nguruwe (uliza mapema kama kwako ni shida), unarudi tena tieta, daktari anasafisha kidonda mpaka kingo zisimame wima, anakata utando kwa kipimo cha kidonda anaubandika kwa gundi maalum. Afu magongo wiki kadhaa, mazoezi miezi, na mpira sio kabla ya mwaka. Sasa linganisha na wiki 6 za huyo jamaa.

Na hata hao wa Uswidi, kati ya wagonjwa 16 wenye kidonda kwenye mfupa wa paja kama wewe 14 walienda vizuri, lakini kati ya 7 wenye kidonda nyuma ya pia ya goti (kile kifupa cha mbele kinachocheza) waliofaulu ni 2 tu. Mafundi wale wale, maabara ile ile, mahali tofauti. Kwa hiyo kwako mimi kwanza nataka kujua hilo goti linachomoka? Kama ligamenti, ile kamba inayofunga mfupa na mfupa, ilikatika siku ile au una matege, chochote utakachopandikiza kitasagika upya. Ninapofanyia kazi hatuna maabara ya kukuza seli, sikufichi, ila kutoboa mfupa vitundu vidogo ili damu iingie na kujenga kovu gumu tunafanya, inasaidia zaidi vidonda vidogo, chako kiko mpakani.

Mama ni habari nyingine kabisa. Gegedu nzima ukiigusa kwa kijiti tukiwa na kamera ndani ni nyeupe, inateleza kama nyama ya dafu, inakusukuma kidogo. Kwa mtu wa miaka 63 iliyosagika nakuta nyuzi nyuzi zinapepea kwenye maji na katikati mfupa mtupu, hakuna hata ukingo wa kubandikia utando. 2023 Marekani walitoa matokeo ya watu zaidi ya 400 wenye magoti ya hivyo, wengine wakachomwa seli za uboho, wengine za mafuta, wengine za kitovu cha mtoto mchanga, wengine sindano ya kawaida ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ya bei rahisi. Baada ya mwaka seli hazikuishinda steroidi kwenye maumivu. Milioni 2, bana!

Na sio hela tu. Mwaka jana nilimpokea mama aliyechomwa "seli za kitovu" kwenye chumba cha nyuma cha duka la dawa, siku ya nne goti limevimba kama papai, tulipolifungua usaha ukaruka, na gegedu aliyokuwa amebaki nayo ikawa inatoka vipande vipande kwenye maji ya kuoshea. Usaha unakula gegedu ndani ya siku chache. Hata Marekani 2018 watu 12 walilazwa kwa maambukizi baada ya sindano za namna hiyo, na kwao kuna wakaguzi.

Hao wa unga wa stemseli wa kulamba chini ya ulimi, maji ya bamia, supu ya kongoro ya kurudisha ute, tafadhali. Kongoro ni chakula kizuri, kula, lakini tumbo likishaivunja ni protini kama ya maharage, haina njia ya kwenda gotini ikiwa ute. Mama apunguze uzito kama umezidi, akaze misuli ya paja kila siku, ashike fimbo mkono wa upande wa goti lenye nafuu, na likigoma kabisa tunaongea kubadilisha goti.

Wewe njoo na CD ya MRI yenyewe sio karatasi ya majibu, na eksirei ya miguu yote umesimama. Mama aje na vikopo vyote anavyotumia, hata vile anavyokuficha.