Kituo shikizi bonde la Yaeda: usisaini bweni, jenga jiko kwanza

Mkuu, simamisha hilo bweni. Salamu tutapeana baadaye.

Umeandika kwamba umekabidhiwa kituo shikizi, yaani madarasa ya mbali yaliyo chini ya shule mama iliyosajiliwa, huku bonde la Yaeda, Tanzania. Kina watoto 60 wa awali hadi darasa la tatu, wengi wao Wahadzabe, jamii inayoishi kwa kuwinda na kukusanya chakula porini, na kila masika unabaki na watoto 20. Mfadhili ameahidi bweni la vitanda 60 ili "kumaliza utoro", na wewe unauliza makubaliano yaandikweje, usajili unaanzia wapi, ruzuku inafikaje na walimu wabakishwe vipi. Nitashika la bweni, maana hilo likiharibika hayo mengine hutakuwa na watoto wa kuyafanyia.

Hao watoto wanaotoroka wanakwenda kula. Mtoto wa Kihadzabe wa miaka sita au saba anajua kuchimba mizizi, kuokota ubuyu na kuchuma matunda, na anakula huko huko porini. Sehemu kubwa ya chakula chake cha mchana anajitafutia mwenyewe. Ukimkalisha kwenye dawati tangu saa mbili hadi saa saba bila kitu tumboni, umemnyima mlo ambao angeupata bila kumwomba mtu yeyote. Saa nne anaondoka, na mtu mzima yeyote mwenye njaa angefanya vivyo hivyo. Masika inakuwa mbaya zaidi kwa sababu maji yapo kila mahali, makambi yanatawanyika kuelekea vilimani. Kiangazi kikikaza, familia zinarudi kwenye chemchemi chache, na darasa lako linajaa tena. Fungua daftari la mahudhurio uliweke kando ya tarehe za mvua, utaliona jambo zima.

Sasa nani aliyekuambia dawa ni bweni? Ni yule mtaalamu anayefika na gari asubuhi, anahesabu vichwa, anapiga picha, na saa tisa yuko njiani kurudi mjini. Hakuuliza hata mtoto mmoja amekula nini tangu jana. Bweni analipenda kwa sababu linakatiwa utepe na kuwekwa kibao, na gunia la maharage halina kibao. Watu hawa wamepotosha viongozi wa shule wengi wenye nia njema, na bill anabaki nayo mwalimu, wao wakiwa wameshahamia mradi mwingine. Inauma kuona inarudiwa tena.

Tena hata kisheria umeingizwa mtegoni. Machi 2023 Kamishna wa Elimu alisitisha huduma ya bweni kwa watoto wa madarasa ya chini, hadi darasa la nne. Anayetaka kuitoa lazima awe na kibali maalumu. Watoto wako wote wako chini ya hapo. Na kituo chako hakijasajiliwa hata kuwa shule ya kutwa; bweni lina usajili wake, na serikali haitaleta fedha ya kulisha watoto kwa sababu tu mfadhili amesimamisha kuta.

Piga hesabu ya kulisha, ambayo mfadhili hakuiweka kwenye andiko la mradi. Mtoto wa bweni anakula mara tatu, na Jumamosi na Jumapili pia. Gramu 450 za nafaka kwa siku, mara watoto 60, mara takriban siku 270, ni kilo 7,290: magunia 73 ya kilo mia. Maharage gramu 100 ni magunia mengine 16. Maji ya bweni ni lita 20 kwa mtoto kwa siku, yaani lita 1,200. Punda mmoja anabeba madumu manne, lita 80, kwa hiyo ni safari 15 kila siku, kiangazi, kwenye chemchemi ile ile wanayoigombania wafugaji. Bado matroni, mlinzi wa usiku, kuni, magodoro, na upele unaoenea chumba kizima maji yakipungua. Ruzuku ya serikali? Kwa kiwango kilichozoeleka cha shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, 6,000 ndizo zinazofika shuleni. Kwa watoto 60 ni 360,000 kwa mwaka mzima, na zinaingia akaunti ya shule mama.

Kisha watoto watakimbia, usiku, kwa miguu, kwenye pori lenye fisi. Wahadzabe wana kumbukumbu yao ya kukusanywa. Katikati ya miaka ya 1960 serikali iliwaweka pamoja Yaeda Chini, magonjwa yakawashika, wengi wakafa na waliobaki wakarudi porini. Mzazi akiona ukuta na kufuli anakumbuka hayo.

Kwa hiyo kanuni ni moja: jiko kabla ya bweni. Kwa shule ya kutwa yenye siku 194 za masomo, gramu 120 za mahindi kwa mtoto ni magunia 14 kwa mwaka. Maharage gramu 40 ni magunia yasiyofika matano. Chumvi gramu 3 ni kilo 35. Hicho kinabebeka, hata na kijiji chenyewe kikichangia nusu.

Na usipike makande ya saa saba. Ukiwa na mlo mmoja tu, uwe saa nne kamili, kabla hawajaanza kuondoka. Mlo wa saa saba unawalisha wale ambao wangebaki hata bila mlo. Mahindi yawe yamekobolewa, yalowekwe na maharage usiku kucha, sufuria ya lita 50 inatosha kwa watoto 60. Maharage nunua kwa muhula, usinunue ya mwaka: yakikaa muda mrefu kwenye joto hayaivi, utamaliza kuni na mlo utachelewa, na mlo ukichelewa siku tatu mfululizo umewapoteza watoto.

Mahindi yapime kabla hujapokea gunia. Tia chumvi kavu na punje kwenye chupa kavu, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi yana unyevu. Yarudishe, hata kama aliyeyaleta ni mwenyekiti wa kijiji, maana unyevu ndio unaoleta sumukuvu, sumu ya ukungu. Yaliyo makavu weka kwenye mifuko ya kinga njaa, ile yenye tabaka mbili za plastiki ndani, uifunge tabaka moja moja. Bila hiyo dumuzi, mdudu anayetoboa punje, atakuachia unga. Magunia yakae juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta.

Wapishi wawe wawili, mmoja wao mama au bibi wa Kihadzabe, alipwe hata kwa mahindi. Hili usiliache. Bibi akiwa jikoni, wajukuu wanakaa, na familia zinahamishia kambi karibu na shule bila kulazimishwa. Huyo huyo akiingia darasa la awali kwa saa moja, mtoto asiyejua Kiswahili anapata mtu wa kumweleza mambo kwa Kihadzabe. Fimbo iache kabisa. Mtoto aliyepigwa leo, kesho yuko kilimani.

Mfadhili usimfukuze. Mrudishie andiko, fedha ya bweni igeuzwe: jiko banifu, stoo, na tangi la lita 10,000 lenye mifereji kwenye paa la madarasa. Kutwa inahitaji lita 5 kwa mtoto, lita 300 kwa siku, hivyo tangi likijaa ni mwezi mmoja na ushee. Paa la mita za mraba 120, kwa mvua ya milimita 400, ukitoa hasara ya robo, linakupa lita 36,000 kwa mwaka. Akiweza matangi mawili, bora. Nyumba ya mwalimu iwe inayofuata, kwa kuwa mwalimu anayelala kilomita 20 na shule hafiki mito ikijaa. Kwenye makubaliano kiandikwe kipengele cha chakula cha mihula minne, magunia yametajwa kwa idadi na tarehe ya kufika. Akikataa kipengele hicho, usisaini.