Treni au basi, London hadi Birmingham: usikubali watu wakuchagulie

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Tanga aliniandikia. Amepata nafasi ya shahada ya uzamili Birmingham, atatua uwanja wa ndege wa Heathrow, London, mwezi wa tisa na masanduku mawili, na nyumbani wamegawanyika. Mjomba wake, aliyewahi kuishi Uingereza, anasema apande treni kama watu. Rafiki yake anasema basi. Akaniuliza, "Kaka, wewe ulikuwa unafanyaje?"

Dada yangu, panda basi. Kutoka Heathrow hadi Birmingham lipo la moja kwa moja, na kituo kikuu cha mabasi kiko katikati ya Terminal 2 na 3. Masanduku yanaingia kwenye buti, unakaa, mnashika barabara kuu ya M40, na ukishuka Digbeth, kwenye stendi ya Birmingham, umeshafika mjini. Kwa treni itakubidi kwanza uingie London, ubadilishe kwenye reli za chini ya ardhi huku unaburura mizigo, ufike stesheni ya Euston au ya Marylebone, ndipo safari yenyewe ianze. Kata tiketi ya basi linaloondoka saa mbili au tatu baada ya kutua, maana foleni ya pasipoti haitabiriki.

Jibu lake ni hilo. Lakini lile neno la mjomba, "kama watu", limenitonesha donda.

Nilipokuwa mwanafunzi Birmingham, London nilikuwa naenda kwa basi karibu kila mara. Ni kama saa tatu hadi stendi ya Victoria, na foleni ikiwa mbaya zinazidi. Mdogo wangu wakati huo alikuwa anasoma sekondari ya kulipia, na ada yake ilitoka kwenye zamu zangu za wikendi za kuhudumia wazee. Kila pauni niliyookoa kwenye nauli nilijua inakwenda wapi. Ikatokea harusi ya ndugu zetu mashariki mwa London. Nilifika watu wameshaanza kula, kanzu imekunjamana, na mzee mmoja wa ukoo akaniuliza mbele ya meza nzima, "Mwanangu, hata tiketi ya treni imekushinda?" Watu wakaangua kicheko. Nikamwamkia, "Shikamoo baba," nikakaa nikala. Miaka imepita, na kicheko kile bado nakisikia. Mdogo wangu leo ni mwalimu wa hisabati. Mzee yule sijawahi kumweleza chochote, na sina mpango huo.

Sisemi haya kwa kuichukia treni. Kazi niliyo nayo sasa niliifuata kwa treni. Usaili ulikuwa London saa tatu na nusu asubuhi, na kwa miadi ya namna hiyo siwezi kumwamini dereva yeyote na barabara za kuingia London asubuhi. Tiketi nilikata wiki kadhaa kabla, ile ya kununua mapema iitwayo Advance, nikapanda treni ya haraka kutoka New Street, stesheni kuu ya Birmingham, kwenda Euston. Inachukua saa moja na dakika ishirini na kitu tu. Nilipata muda wa kupitia majibu yangu, kunywa chai, na kuingia pale ofisini nikiwa nimetulia. Waliniajiri. Najivunia, na silifichi.

Watu wengi wanaodai treni ni ghali wanaizungumzia hiyo ya haraka, tena iliyokatiwa tiketi siku ileile. Kati ya miji hii miwili treni si moja. Euston kuna za haraka za kampuni ya Avanti na za polepole za kampuni ya London Northwestern, ambazo husimama vituo vingi na nauli yake huwa ndogo zaidi. Marylebone kuna za kampuni ya Chiltern zinazofika Moor Street, stesheni nyingine ya Birmingham, kwa chini kidogo ya saa mbili. Mimi hutazama zote tatu, kisha naangalia basi, halafu ndipo naamua. Tiketi za Advance huanza kuuzwa takriban wiki 12 kabla, na zimefungwa kwa treni moja: ukichelewa wewe, imekwenda. Treni ikichelewa yenyewe, dai fidia yake, iitwayo Delay Repay. Kampuni nyingi hurudisha sehemu ya nauli kuanzia dakika 15 za kuchelewa. Dai! Hiyo ni haki yako, wala si msaada. Na mwanafunzi wa muda wote, hata aliyepita miaka 25, anaweza kukata kadi ya 16-25 Railcard kwa pauni 35 kwa mwaka, akapunguziwa theluthi ya nauli nyingi. Tiketi inunue kwenye tovuti ya kampuni ya treni yenyewe, kwa sababu baadhi ya programu za simu huongeza ada juu.

Kwa hiyo jiulize mambo mawili: unatakiwa kufika saa ngapi, na fedha itakayobaki ina kazi gani. Kuna vijana wenzetu wanaokopa ili waonekane wameshuka Euston. Acheni, jamani. Waliokualika harusini hawatakulipia kodi ya chumba mwisho wa mwezi. Na wewe mzazi au mjomba uliye nyumbani, usimpimie kijana heshima yake kwa chombo alichopanda. Hujui ana nani nyuma yake anayemtegemea.

Jumapili nazo ziangalieni. Ndizo siku wanazopenda kufanya matengenezo ya reli, na unaweza kujikuta umelipa nauli ya treni halafu sehemu ya njia ukapakiwa kwenye basi la kufidia. Angalia ratiba siku moja kabla. Tarehe 25 Desemba treni za kati ya miji hazitembei kabisa, na tarehe 26 ni chache mno. Mabasi ya kampuni ya National Express hutembea hata siku ya Krismasi, lakini viti huwahiwa, kwa hiyo kama una ndugu wa kutembelea siku hiyo, ukifika Novemba uwe umeshakata tiketi.