Uliza Fundi: Sauti ya babu inazama kwenye shhh

SWALI: Shikamoo Fundi. Ninaishi Wete, Pemba. Jioni humrekodi babu yangu barazani akighani tenzi alizohifadhi tangu ujana. Nina kinasa sauti kidogo, Zoom H1n, nilichokinunua kwa mtu. Maiki zake za juu zinanasa kila kitu, hadi majogoo wa jirani, nikaona nitafute maiki ya Shure SM58 na waya wa XLR (plagi ya pini tatu) unaoishia na jeki ndogo ya milimita 3.5. Sasa sauti ya babu imekuwa ndogo, na nikipandisha gaini (kiwango cha kukuza sauti) inakuja shhh kama mvua ya bati. Kioja kingine: kwenye hedifoni babu anasikika, lakini nikimtumia shangazi faili, simu yake haitoi karibu kitu. Rafiki ameniambia ninunue FetHead, kile kikuza sauti kidogo cha kuunga kwenye maiki. Ninunue?
Mjukuu wa mghani, Wete

JIBU: Marahaba. Usinunue. FetHead ni kifaa kizuri, ila kinaishi kwa umeme wa fantomu, volti 48, unaotoka kwenye miksa au kinasa sauti chenye matundu ya XLR. H1n haina umeme huo. Tundu lake la maiki hutoa volti mbili na nusu hivi, za kuamshia vimaiki vidogo tu.

SM58 ni maiki ya jukwaani, ya mwimbaji anayeibusu. Mtu akiimba kwa nguvu mdomoni pake, hutoa milivolti kadhaa, hata kumi na zaidi. Babu akighani kwa utulivu, nayo iko nusu mita mbali, haifikishi hata sehemu ya kumi ya milivolti moja. Priampu (sehemu inayokuza sauti ya maiki) ya ndani ya kinasa cha bei hii ina shhh yake, na gaini haichagui: inampandisha babu na shhh pamoja.

Kwa hiyo kwanza sogeza maiki, maana hilo ni bure. Kila unapopunguza umbali kwa nusu unapata desibeli 6 hivi. Kutoka sentimita 60 hadi 15 ni desibeli 12, na majogoo wamebaki kulekule. Kama babu hataki chuma mbele ya uso (wazee wengi hawataki, na mimi niko upande wao), tafuta maiki ndogo ya elektreti ya kubana kwenye kanzu, inayotumia zile volti za kinasa. Uziwashe kwenye menyu, la sivyo utarekodi kimya. Pesa yangu mimi ningeiweka hapo. Ivishe sponji pia. Upepo wa barazani hauna adabu.

Miksa ndogo yenye priampu nzuri nayo itasaidia, mradi kazi ya kukuza sauti ifanywe na miksa, na gaini ya kinasa ibaki chini kabisa. Watu hupandisha kotekote kisha wanalalamika. Lakini miksa nyingi zinataka umeme wa ukutani, nawe uko barazani. Na usihangaike kuifikisha mishale juu: ukirekodi WAV ya biti 24, vilele vya sauti vikicheza kwenye desibeli -12 vinatosha. Kwa 48 kHz stereo, saa moja inakula gigabaiti moja hivi.

Sasa kioja chako, ambacho ndicho kilichonifurahisha. Maiki ya XLR hutuma sauti ileile kwenye pini ya 2 na ya 3, moja ikiwa imepinduliwa. Waya wako, nadhani, umeungwa pini ya 2 kushoto na ya 3 kulia. Hedifoni humpa kila sikio upande wake, hivyo babu anasikika. Simu ya spika moja hujumlisha pande zote mbili: huu unasukuma, ule unavuta, babu anatoweka. Mpelekee fundi wa redio aunge pini ya 2 kwenye ncha na pete ya jeki, pini ya 1 na ya 3 kwenye shina. Utaongeza na desibeli 6 hivi juu yake, kwani sasa kila upande unapata nusu. Ukiwa na SM58, zile volti za tundu zizime.

Rekodi za zamani usizifute! Fungua Audacity, programu ya kuhariri sauti, tenganisha stereo, futa upande mmoja, uliobaki ugeuze mono. Mtumie shangazi upya.

SWALI: Kinasa changu (H1n pia) huonyesha betri zimekwisha mapema nikitumia za kuchaji. Ni mbovu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Huenda ni nzima. Betri za kuchaji zina volti 1.2, za kawaida 1.5, na kinasa kinapima kwa volti. Ingia kwenye menyu ubadilishe aina ya betri iwe Ni-MH, yaani ya kuchaji. Pawabenki inafaa pia, ila zingine hujizima zikiona kifaa kinakunywa umeme kidogo, na zingine huingiza mlio mwembamba kwenye rekodi. Ijaribu nyumbani kabla ya kwenda nayo harusini.