Linux kwenye kompyuta ya zamani nyumbani: umeme na bando ndio wenye kauli

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama desktop yako ya RAM 4GB itaiweza Linux, ule mfumo endeshi wa bure, baada ya Windows 10 kuachwa solemba na Microsoft Oktoba 2025, na kama utunzaji wake utakutoa jasho. Kuiweza itaiweza. Weka Debian 13, mojawapo ya mifumo ya Linux, yenye Xfce (mazingira mepesi ya madirisha na menyu), na ukiwa na akiba kidogo toa hiyo diski ya kuzunguka uweke SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Utasahau kabisa kama mashine ni ya zamani, isipokuwa labda siku ukifungua kurasa nyingi za mtandao kwa mpigo, maana mlaji mkubwa wa RAM ni kivinjari. Hakikisha tu prosesa ni ya biti 64, kwa sababu Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32.

Utunzaji ndio wenye maneno. Video nyingi za mafunzo zimetengenezwa na watu ambao kwao umeme haukatiki na intaneti haipimwi kwa MB. Mimi naendesha mashine zangu hapa Tanga, na hayo mawili yameamua karibu kila kitu, hadi mfumo upi ukae kwenye mashine ipi.

Nianze na umeme. Seva yangu ya kutunzia picha za familia na muziki ni laptopu iliyopasuka kioo. Wageni huicheka, ila ina betri, na hata betri iliyochoka ya robo saa inavusha ile zima-washa ya jioni. Ili isilale ukiifunika, fungua /etc/systemd/logind.conf, andika HandleLidSwitch=ignore, kisha iwashe upya. Lakini iangalie mara kwa mara: ukiona sehemu ya kugusia kipanya imeanza kuinuka, betri imevimba, itoe siku hiyohiyo.

Desktop haina huruma hiyo. Ingia BIOS, ile programu ya ubao mama inayotangulia kabla ya Linux, utafute mpangilio unaoiamuru mashine iwake yenyewe umeme ukirudi, uuwashe. Halafu, kabla hujafanya lolote jingine, badilisha betri ya saa kwenye ubao mama, ile ya duara inayoandikwa CR2032. Mafundi saa wengi wanayo. Betri hiyo ikifa, kila umeme ukikatika BIOS inasahau mipangilio yote, ukiwemo huo uliotoka kuuweka. Mashine nyingi zitasimama kwenye skrini nyeusi zikisubiri ubonyeze F1. Kama ni seva isiyo na kioo wala kibodi, utabaki unailaumu Linux kwamba haiwaki, kumbe Linux yenyewe haijafikiwa hata kidogo. Na saa ikiwa imerudi nyuma, apt, programu ya Debian ya kupakua na kusasisha programu nyingine, itagoma ikidai faili la Release bado halijaanza kutumika, na kivinjari kitakataa tovuti zenye cheti kipya. Watu huhangaika na ruta jioni nzima. Andika date kwanza, uone mwaka.

Kuhusu ile hoja ya mdau aliyekushauri uweke OpenBSD, mfumo mwingine wa bure usio Linux: mimi naipenda, na haiko kwenye ruta yangu tena. Nyaraka zake sijaona mfano. Kurasa za man, yaani mwongozo uliomo ndani ya mfumo, zimekamilika kiasi kwamba bando likiisha unaendelea kujifunza bila mtandao, na kanuni za pf, ngome yake ya mtandao (firewall), unazisoma zikaeleweka. Toleo jipya hutoka kila miezi sita, na kuhamia ni amri moja, sysupgrade. Shida ni kwamba mfumo wake wa faili hauna jarida (journal). Ext4, mfumo wa faili wa Linux, huandika kwanza kwenye jarida mabadiliko ya muundo wake, kwa hiyo baada ya kuzimika ghafla husoma jarida na kuendelea na safari. OpenBSD inabidi ikague diski kwa fsck, na ikikuta jambo isiloweza kuliamua peke yake inasimama na kukutaka uendeshe fsck kwa mkono. Ruta ikisimama hivyo nyumba nzima haina intaneti, mimi niko kazini, na mke wangu ni mvumilivu lakini si wa kuelekezwa fsck kwa simu. Kama una UPS ya kweli, yaani kifaa cha betri cha kuivusha mashine umeme ukikatika, mdau yuko sahihi. Kama huna, baki na ext4.

Sasa bando. Debian ikiwa na mazingira ya desktop inaweza kuanza kuvuta masasisho kimyakimya pindi ukiunganisha simu kwa ajili ya intaneti, na asubuhi unakuta bando limekwenda na maji. Zima vipima muda vyake: sudo systemctl disable --now apt-daily.timer apt-daily-upgrade.timer. Na kama badala ya Xfce umeweka GNOME au KDE, kazime pia masasisho ya yenyewe ndani ya duka lao la programu. Ila ukishazima, jukumu ni lako. Mimi nasubiri bando la usiku, naendesha apt update na kisha apt-get -d upgrade, ambayo hupakua tu bila kusakinisha. Kusakinisha nafanya mchana umeme ukiwa umetulia. Kutenganisha hivyo kuna faida kubwa kuliko kuokoa hela, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya upakuaji hakuna kinachoharibika, lakini ukikatika wakati kerneli mpya, yaani kiini cha Linux, inapowekwa unaweza kuamka na mashine isiyowaka. Hilo likikupata usifomati. Kwenye menyu ya GRUB, inayotokea kabla Linux haijawaka, chagua kerneli ya zamani, ikiwaka andika sudo dpkg --configure -a, iache imalizie ilipoishia.

Ukifikisha mashine mbili au tatu, weka apt-cacher-ng kwenye mojawapo. Pakeji, yaani faili la kusakinishia programu, inapakuliwa mara moja, mashine zilizobaki zinaichukua humo ndani kwa ndani. Kwa nyumba yenye watoto wenye laptopu zao, hiyo ndiyo programu iliyoniokolea pesa kuliko zote.

Na usikimbilie mifumo ya Linux inayobadilika kila wiki kama Arch. Si mibaya, ila inataka intaneti ya uhakika, na ukiiacha miezi kadhaa kisha uisasishe kwa mkupuo, jiandae kusoma matangazo yao kwanza. Debian toleo moja linatunzwa na timu yake miaka mitatu, halafu miaka miwili zaidi chini ya LTS, mpango wa utunzaji wa muda mrefu.

Kabla hujafuta Windows, hamisha mafaili yako kwenye diski ya nje, kisha washa mashine kwa flashi ya Debian live, inayoendesha mfumo moja kwa moja kutoka kwenye flashi, bila kusakinisha. Jaribu sauti na Wi-Fi, ufungue terminali uandike lspci -nn, amri ya kuorodhesha vifaa vya mashine. Weka hapa ule mstari wa kadi ya mtandao tuuone. Kama kadi ni ya kampuni ya Broadcom, utahitaji kuunganisha simu kwa waya wa USB siku ya kusakinisha, na nitakuandikia pakeji ipi uitafute.