Kijimlango cha paka kwenye kioo: ujue kioo kwanza, fundi baadaye

Barua za kijimlango cha paka, kile kitundu chenye kifuniko anachopitia paka mwenyewe, zimejaa tena, na nyingi hazisemi kioo ni cha aina gani wala kina unene gani. Bila mambo hayo mawili jibu langu ni la kubahatisha, na kioo hakisamehe kubahatisha.

Mlango wangu wa kuteleza ni kioo kitupu kuanzia chini hadi juu, fremu ya alumini. Fundi anasema atautoboa palepale kwa grinda. Nimruhusu? (Tabata, Dar es Salaam)

Usimruhusu. Mlango wa namna hiyo mara nyingi huwa na kioo cha tempa, na tempa haikatwi wala haitobolewi ikishatoka tanuruni. Kioo hicho hupashwa moto kupita nyuzijoto 600, kisha hupozwa ghafla kwa hewa. Nyuso za nje hubaki zimejibana, kiini kinavutika. Chombo kikifika kiini, mvutano wote unaachiliwa kwa mara moja na kioo kizima kinamwagika chini punjepunje. Ufundi wa mkono hausaidii hapo.

Kagua kona zote nne utafute chapa ndogo yenye neno tempered au toughened. Usipoiona, usishangilie: huenda imefichwa na raba ya fremu, au kiwanda hakikuipiga. Vaa miwani ya jua yenye polaraizi (iliyoandikwa polarized) ukitazame kioo kwa pembeni mchana. Tempa mara nyingi huonyesha madoa au michirizi ya kijivu. Ukibaki na shaka, chukulia ni tempa.

Dawa yake ni kupima na kuagiza kioo kipya, tundu likatwe kabla hakijaingia tanuruni. Kiwekwe upande usiotembea, kwa sababu fremu ya kijimlango hutokeza mbele na nyuma. Kwenye upande unaoteleza itagonga mwenzake na mlango hautafunguka wote.

Na fundi akigundua kuwa mlango huo una kioo cha kawaida cha milimita 5, una jambo kubwa kuliko la paka. Mtoto akikigonga kwa kasi, kitatoa vipande virefu vyenye makali ya kisu. Kibadilishe hata kama hufugi paka.

Fundi alikata tundu la mraba, sasa kuna ufa kwenye kona. Silikoni itaushika? (Kisumu)

Haitaushika. Kona kali ndiyo inayokusanya nguvu na kuzaa ufa. Toa kioo hicho, na kwenye cha pili likatwe tundu la duara.

Dirisha langu la chini ni kioo cha kawaida cha milimita 4. Nataka kukata mwenyewe. (Moshi)

Inawezekana, ila nunua kijimlango kwanza. Milimita 212 ni kipenyo kinachotumika kwa baadhi ya vijimlango, lakini fuata karatasi ya mtengenezaji wa hicho ulichonunua, si cha jirani. Kati ya tundu na ukingo wa kioo acha angalau sentimita 10.

Ng'oa kioo, kisafishe, ukilaze juu ya blanketi kwenye meza iliyonyooka. Vaa miwani na glavu. Tumia kikatio cha duara chenye mguu wa raba unaonata katikati. Chovya kigurudumu kwenye mafuta ya taa. Zungusha mara moja tu, kwa mgandamizo uleule, mlio ukiwa mwembamba usiokatika. Kurudia mstari ndilo kosa linaloharibu kazi nyingi: kigurudumu kikipita mara ya pili kinamega ukingo, na ufa unapotea njia.

Chora duara jingine ndani, sentimita 3 hivi kutoka la kwanza. Inua kioo kidogo, ugonge taratibu kutoka upande wa pili, chini ya mstari wa nje, mpaka uone ufa unang'aa na kuzunguka hadi ukutane. Ndipo uchore mistari ya kukatizana katikati na kutoa vipande kuanzia ndani kwenda nje. Ukiharakisha hapa, unaanza upya na kioo kingine. Malizia ukingo kwa msasa wa maji, namba 120 kisha 220, ukilowesha muda wote. Vumbi la kioo halifai kuvutwa. Vijino vikiachwa, jua litavigeuza kuwa ufa.

Skrubu kaza kwa bisibisi ya mkono, zamu kwa zamu, na uache raba ikibonyea kidogo tu. Drili ya kukazia imevunja vioo vingi vilivyokatwa vizuri.

Nyumba ya kupanga, vioo viwili vyenye hewa katikati. Nitoboe kimoja kimoja? (Leicester, Uingereza)

Hapana. Ukifungua muhuri unaofungia hewa hiyo unyevu utaingia na ukungu hautatoka tena. Omba idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi, kisha agiza kioo kipya chenye tundu lililozibwa ukingoni kiwandani. Kwenye mlango kiwe cha usalama, kama tempa. Kile cha zamani kitunze, ukihama ukirudishe. Chagua kijimlango kinachosoma chipu, kile kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi ya paka: England paka lazima awe nayo kabla ya wiki 20, sheria tangu Juni 10, 2024. Kiwe mbali kidogo na fremu ya alumini, maana metali huvuruga usomaji.

Madirisha yangu ni ya luva. (Tanga)

Mama, una bahati. Toa vioo viwili vya chini, weka ubao wa plaiwudi ya milimita 12, ukate tundu humo kwa msumeno. Hakuna kioo cha kuharibu.

Mafundi wanataka kukata nondo ili paka apite. (Nairobi)

Wasikate. Paka mzima hupita kwenye nafasi ya sentimita 10. Sogeza tundu liangaliane na nafasi hiyo, na liwe mbali na kitasa. Mkono wa mwizi nao hupita. Funguo isiachwe mlangoni.

Kijimlango kimewekwa vizuri lakini paka anakikwepa. (Morogoro)

Nyanyua kifuniko chake kwa utepe wa gundi kibaki wazi kabisa, chakula kiwe upande wa pili. Kila baada ya siku chache kishushe kidogo.