Kisumu si matembezi: kwa wanaokwenda Namugongo kwa miguu mara ya kwanza

Mazoezi ya Jumamosi ya hija yetu ya miguu kwenda Namugongo, kule Uganda, yameishia Mtwapa, na kuna mtu amefika na raba mpya, karatasi ya bei ingali imenata kwenye soli. Mwingine ameuliza, tena kwa uso mkavu, kama zile siku za Kisumu zitakuwa na nafasi ya kupanda mashua. Swali la mashua huja kila mwaka. Na kila mwaka aliyeliuliza huingia mji wa Iganga, huko Uganda, akiwa ndani ya gari la huduma, miguu imefungwa bendeji, anatupungia mkono dirishani kama mgombea ubunge. Basi someni hapa, wanangu, kabla hamjalipa nauli.

Ratiba mnayo. Basi kutoka Mombasa jioni ya tarehe 21 Mei, Kisumu tarehe 22, tunalala hapo mara mbili, matatu ya alfajiri kwenda Busia, mpakani, tarehe 24. Siku nane za kutembea, moja ya kupumzika Jinja, Namugongo jioni ya tarehe 1 Juni, misa ya Mashahidi wa Uganda, wale Wakristo waliouawa kwa imani yao, tarehe 3. Kutoka Busia hadi Namugongo ni kama kilomita 190. Zigawe kwa nane upate 24 kwa siku, na kilomita 24 kila mmoja wenu anaziweza. Kazi ni kuamka kesho yake uzirudie.

1. Kadi ya manjano. Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, kisha ni ya maisha. Hesabu kutoka tarehe 24 urudi nyuma: ukichomwa baada ya tarehe 14 Mei umechelewa. Kitambulisho kiwe chenyewe, si picha kwenye simu. Na pale Busia msipange foleni upande wetu. Kituo ni cha pamoja, anayetoka Kenya anamalizana na maafisa wa nchi zote mbili ndani ya jengo la Uganda.

2. Viatu. Ongeza nusu namba au namba nzima juu ya ile unayovaa siku zote, na kiatu kiwe kimeshakula kilomita 100 za mazoezi. Mitumba ya Kongowea haina ubaya, lakini kikunje kabla ya kulipa. Kikikunjika penye vidole, kizima. Kikikunjika katikati ya wayo, kimekufa, mwachie muuzaji. Tazama na gundi pia: raba iliyokaa ghalani miaka huachia soli siku ya kwanza ya mvua, na Mei ni mwezi wa mvua huku na kule.

3. Kisumu. Hapa vuteni viti.

Kosa hili hamkulianzisha nyinyi. Ni letu sisi mnaotuita wazee wa msafara, na tumelirithisha pamoja na nyimbo. Tulipoanza kulala Kisumu tuliziita siku za mapumziko, na neno hilo ndilo lililotuponza, kwa sababu mtu wa Mombasa akiambiwa apumzike katika mji asioujua, anatoka kwenda kuutazama.

Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 800, usiku kucha na kipande cha mchana. Muda wote huo miguu inaning'inia. Vigimbi ndivyo vinavyosukuma damu kurudi juu, na mtu akikaa kitako havisukumi, kwa hivyo maji yanatuama kwenye vifundo. Ukishuka stendi, kiatu kilichokuenea Mombasa kinabana, na soksi imeacha alama kama pingu. Mgeni anafanya jambo la akili: anavua viatu, anavaa ndala ili miguu ipumue. Kisha anatoka nazo, na hapo ndipo anapoharibu.

Anaanza Kibuye, sokoni, kuona tu. Kutoka hapo Dunga kuliona ziwa, na kwa kuwa tuktuk ni pesa na yeye ni hujaji, anakwenda kwa miguu. Picha, samaki, picha tena. Jioni ameshatembea kilomita kumi na zaidi kwa ndala ya kwendea bafuni, na ukimwuliza atakuapia kuwa leo hakutembea. Ndala haina kishikio nyuma, kwa hiyo kila hatua vidole vinajikunja kuikamata isitoroke. Misuli ya wayo inachoka. Kamba inasugua kati ya kidole gumba na cha pili mpaka ngozi inakuwa nyekundu, haijachubuka bado, inawasha tu. Kisigino kimekauka kwa vumbi na kimeanza mipasuko. Analala saa sita za usiku akiwa na furaha tele. Kesho yake, baada ya misa, anakumbuka hana tochi, hana plasta, hana koti la mvua, na siku ya pili inaishia madukani, kwa ndala zilezile.

Tarehe 24 anavaa kiatu juu ya ngozi ile. Kilomita kumi za kwanza hazina neno. Baada ya hapo jasho, soksi imeloa, ngozi imelainika kama ya mtu aliyekaa sana majini, na pale palipowasha tabaka la juu linateleza juu ya lile la chini. Maji yanajaa katikati. Hilo ni lengelenge, la ukubwa wa punje ya mbaazi. Hamwambii mtu, anaona haya, siku yenyewe ni ya kwanza. Siku ya pili, njia ya Bugiri, anakanyagia ukingo wa nje wa wayo ili kidole kisiguswe. Mguu ukikanyaga upande, goti linazunguka kidogo kila hatua, na kilomita 24 ni hatua zaidi ya elfu thelathini. Siku ya tatu goti limevimba. Siku ya nne, gari. Anawaambia watu ni goti, limekuwa likimsumbua tangu utotoni. Si goti. Ni Dunga.

Sasa basi, Kisumu hutumika hivi. Kazi inaanzia ndani ya basi: legeza kamba za viatu, kila saa pandisha na shusha visigino mara 30, na basi likisimama shuka hata kama huna haja. Ukifika, oga, ulale chali, miguu ukutani dakika 20. Rudia mara tatu kabla ya kulala. Saa kumi jioni vaa viatu vya safari na soksi za safari, tembea nusu saa, si zaidi, uone kama uvimbe umeshuka. Saa tatu usiku taa zizimwe. Samaki ataletwa na tuktuk.

Siku ya pili ni ya ukaguzi. Misa ya asubuhi, kisha kila mtu amwonyeshe mwenzake miguu, nyayo na kati ya vidole. Aibu imalizikie hapo. Kucha ziwe zilishakatwa nyumbani wiki moja nyuma, kwa mstari ulionyooka. Ukizikata Kisumu kwa pupa na kuingia pembeni, zinazama nyamani. Mwenye pahala panapowasha abandike plasta ya kitambaa leo, si Busia. Begi la mgongoni lipimwe: lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako, na maji yakiwemo, kwa hivyo mwenye kilo 65 abebe kilo 6 na nusu. Kinachozidi kiingie gari la huduma, na kisichohitajika kibaki Kisumu. Pasi ya umeme, mama, ibaki. Ndiyo, imewahi kupatikana.

Mashua ni ya kurudi.

4. Lengelenge likishatokea. Ukisikia mahali panachoma kama kaa la moto, simama papo hapo, usingoje kanisa linalofuata. Kausha, bandika plasta, badilisha soksi. Kama maji yameshajaa na unalazimika kuendelea: osha mikono kwa sabuni, pitisha sindano kwenye spiriti, toboa pembeni mahali pawili, kamua taratibu, na ile ngozi ya juu iache palepale. Ndiyo dawa yenyewe. Kuna kijana huibandua kila mwaka kwa kuwa "inapona haraka ikipata hewa". Haiponi, inaoza.

5. Milima. Kisiwa chetu ni sahani. Daraja la Nyali si mlima, hata uliite hivyo kwenye picha. Angalau Jumamosi tatu pandeni barabara ya Matuga kwenda Kwale, au Mazeras kwenda Rabai, na mshuke kwa miguu vilevile, maana mteremko ndio unaovunja mapaja. Ufukweni tembeeni maji yakiwa yametoka, mchanga ukiwa mgumu, na mkirudi pitieni njia ileile, la sivyo mguu mmoja unakuwa upande wa chini muda wote. Kabla ya safari muwe mmefanya kilomita 25 siku mbili mfululizo. Ile ya pili ndiyo mtihani.

6. Giza. Saa ni ileile yetu, lakini kule jua huchelewa kama dakika 20 kuliko Mombasa. Tukitoka saa kumi na moja alfajiri ni usiku mtupu, na barabara ni ya malori. Tochi na kizibao cha kung'aa, kila mtu. Magari yao hushika kushoto kama ya kwetu, kwa hiyo sisi tunatembea kulia, tukiyatazama usoni. Kwenye msitu wa Mabira, ukishatoka Jinja, mstari mmoja, rozari kimoyomoyo, spika izimwe. Lazima musikie trela.

Sijui hii ni ya saba au ni sehemu ya sita, lakini chakula: beba tende na kashata za njugu. Kashata za nazi zinachacha, nimesema. Barua yangu ya mwaka jana ilisema. Huko tunakokwenda ni zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari na hewa ni kavu kuliko ya kwetu. Jasho linakauka kabla hujalihisi, ukadhani hutoki jasho. Kunywa kama nusu lita kila saa. Mtu akilegea, maji safi lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, apige funda kidogo kidogo. Achari ya maembe ruksa, chumvi ni chumvi.

Leso pia. Jozi moja ni shuka, taulo, pazia la kuogea na kivuli. Wanaume, kikoi kinafanya kazi hiyohiyo, acheni kuwaazima dada zenu.

Mwisho, Namugongo. "Tukutane kanisani" hakuna maana pale, kwa sababu patakatifu pako pawili, pa Wakatoliki na pa Waanglikana, kwenye barabara moja, na tarehe 3 Juni kote kumefurika. Wengi wa mashahidi walitembezwa kutoka Munyonyo na kuchomwa hapo tarehe 3 Juni 1886, wa makanisa yote mawili, ndiyo maana kuna mahali pawili. Sisi tunakwenda kwenye basilika yenye nguzo 22, moja kwa kila shahidi Mkatoliki. Lakini msiahidiane kukutana nguzoni, siku hiyo hamtaingia. Misa yenyewe ni nje, kwenye ziwa dogo. Chagueni mahali pa kukutania tarehe 1 jioni mkiwa wote mnapaona, na simu ifungwe ndani ya nguo, si mfuko wa nyuma.

Mwenye raba mpya: zimebaki wiki sita. Kilomita 100 ni 17 kwa wiki. Toa hiyo karatasi ya bei, anza Jumatatu, kazini kwenda na kurudi.