Jina la ukoo wetu lina umri wa miaka mia moja tu

Baba alifariki mwaka 2019, na kikao cha ukoo kikanipendekeza mimi niwe msimamizi wa mirathi. Nilibeba bahasha yake ya kaki hadi ofisi moja hapa Dodoma mjini nikiwa na hakika kwamba kila kitu kimo. Karani alizitandaza karatasi mezani moja baada ya nyingine: cheti cha ndoa, barua ya kuajiriwa, kadi ya benki, cheti cha kifo. Akaweka kidole kwenye jina la tatu la kila karatasi, kisha akaniuliza kwa upole, "Dada, marehemu ni mmoja au ni watatu?"

Kwenye cheti cha ndoa jina lilianza na Ci. Kwenye barua ya ajira lilianza na Chi. Kadi ya benki na cheti cha kifo vyote viliandika Ki. Na katikati ya jina, herufi l ya babu ilikuwa imegeuka r kwenye karatasi mbili.

Ilichukua miezi saba mambo kunyooka. Katika kuhangaika huko ndipo nilipoanza kujiuliza jambo ambalo sikuwahi kuliuliza baba akiwa hai: jina hili limetoka wapi, na kwa nini sijawahi kukutana na mtu mwenye nalo ambaye si ndugu yetu? Nimesoma na watu wa Kongwa, wa Mpwapwa, wa Bahi, wa Manyoni. Hakuna. Naandika haya kwa ajili ya yeyote mwenye jina la namna hiyo, kwa sababu nilipoteza muda mwingi nikianzia pasipo mwanzo.

Jina lenyewe sitaliweka hapa. Bibi yangu, mdogo wake babu, aliniomba nisilitangaze, na ndugu wanaolibeba ni wachache mno kiasi kwamba kulitaja ni sawa na kutaja nyumba zao.

Kabla hujatafuta chochote, jiulize jina lako la tatu ni la nani. Mchaga anayeitwa Mushi, Massawe au Mosha amebeba jina la ukoo kweli. Babu yake aliitwa hivyo na mjukuu wake ataitwa hivyo, ndiyo maana akina Mushi utawakuta kila mji. Kwa familia nyingi za Kigogo, na nyingine nyingi za huku kanda ya kati, jina la tatu ni la babu tu. Mtoto akizaliwa majina yanasogea hatua moja, na jina la baba wa babu linadondoka. Ukoo upo, una jina lake na mwiko wake, ila haumo kwenye cheti cha kuzaliwa. Kwa hiyo ukiona jina la tatu limerudiwa vizazi vitatu au vinne, ujue kuna siku mtu mmoja aliligandisha, mara nyingi siku ya kuandikishwa shule au ya kuajiriwa. Kwetu ni babu, alipopata kazi kwenye reli miaka ya 1950. Alitoa jina la baba yake, karani akaandika, nasi tumelibeba mpaka leo.

Hili lingenisaidia sana kama ningelijua mapema. Nilidhani jina likiwa adimu basi ukoo ni mdogo, au umeisha. Kumbe ukoo unaweza kuwa na maelfu ya watu wenye majina elfu tofauti ya babu zao, na jina lako likawa adimu kwa sababu tu ni la mzee mmoja.

Takwimu za serikali hazitakupa jibu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 3,085,625 mkoa wa Dodoma, lakini matokeo yake hayana orodha ya majina ya ukoo, na swali la kabila liliulizwa mara ya mwisho katika sensa ya 1967. Nilijaribu pia kutafuta mtandaoni kwa tahajia zote tatu. Nilipata majina yanayofanana na letu Malawi na Zambia, nikafurahi usiku kucha. Asubuhi nikatulia. Mwanzo huo wa Chi umejaa kwenye lugha za Kibantu za kusini: rais wa zamani wa Zambia aliitwa Chiluba, makamu wa rais wa zamani wa Malawi akaitwa Chilima. Ni kiambishi kile kile ambacho Kiswahili hutamka ki na Kigogo huandika ci. Kufanana kwa majina hakukupi undugu. Ukikutana na jina kama lako nchi ya mbali, liandike pembeni, usianze kupiga simu.

Hiyo herufi c nayo ina habari yake. Katika maandishi ya Kigogo, c husomwa ch, ndiyo maana jina la Waziri Mkuu wa zamani, mzee John Malecela wa Mvumi, linaandikwa kwa c na kila mtu anasema Malechela. Aliyezoea Biblia ya Kigogo ataandika Ci. Mwalimu aliyesoma Kiswahili ataandika Chi. Karani anayetaka "kukusahihishia" jina liwe la Kiswahili ataandika Ki. Kwa hiyo andika tahajia zote unazoweza kuzifikiria za jina lako na uzitafute zote. Huenda jina unaloliona adimu ni la kawaida lililoandikwa vibaya mara moja.

Letu halikuwa hivyo. Nililijua hilo kwa bibi.

Nilikwenda kwake, kijiji kimoja upande wa Mvumi, mwezi wa Julai baada ya mavuno. Safari ya kwanza niliharibu. Nilisalimia "mbukwenyi", nikakaa, nikatoa daftari na kumuuliza moja kwa moja, "Bibi, jina letu lilianzia wapi?" Akanijibu kwamba lilianzia kwa wazee. Basi. Tukala ugali wa uwele na mlenda, nikarudi mjini.

Safari ya pili niliacha daftari kwenye mkoba, nikaomba nimsaidie kumenya karanga. Nikamuuliza mahari yake yeye ilikuwa ng'ombe wangapi, na nani alipata nani. Hapo ndipo alipofunguka. Kwetu ng'ombe wa mahari hawaishii kwa baba wa binti. Wanagawanywa kwa baba wadogo, kwa wajomba, kwa waliowahi kumsaidia baba alipooa. Mzee anayesahau mwaka aliozaliwa hasahau ng'ombe alikwenda kwenye boma gani. Bibi alikuwa akitaja mtu, anachukua karanga moja anaiweka kwenye ungo, na watoto wake anawapanga chini yake. Aliyekufa mtoto aliwekewa ganda tupu. Katika ungo ule, kabla jua halijazama, niliuona ukoo wetu mzima umepangwa.

Na juu kabisa, mahali pa baba yake, aliweka karanga mbili.

"Huyu ni baba," akasema, "na huyu ndiye aliyempa jina. Baba hakuzaliwa nalo, mjukuu wangu."

Baba yake alikuja akiwa mtoto wakati wa Mtunya, ile njaa kubwa. Wagogo wote wanaijua Mtunya hata kama hawajui mwaka. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika huku mwaka 1916, Wajerumani wakirudi nyuma na Waingereza wakiingia, majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe na nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Kisha mvua zikakosekana. Njaa ilikaa hadi kama 1920, na katikati yake ukaingia ugonjwa wa mafua ulioua watu dunia nzima. Watu walihama wakitafuta chakula, familia zikatawanyika. Yule mtoto, anavyokumbuka bibi alivyosimuliwa, aliletwa na mama yake kutoka upande wa Kilimatinde, huko Manyoni. Mama akafia njiani. Mzee mmoja mwenye ng'ombe waliobaki akamchukua kijana, akamlisha, akampa jina la ndugu yake aliyekufa kwenye njaa hiyo hiyo, na baadaye akamtolea ng'ombe wa kuoa.

Kwa hiyo jina letu lina umri wa miaka mia moja na kidogo. Watu wote wanaolibeba wametoka kwa mtoto mmoja aliyeokolewa. Nimeshaeleza hili kwa ndugu mara nyingi, na bado nikilisema nashindwa kuendelea.

Baada ya mdomo ndipo karatasi. Ukianza na karatasi hujui unatafuta nini. Mimi nilikuwa na majina mawili na kijiji, ndipo nikaomba kuonyeshwa daftari la ubatizo katika kanisa moja la Anglikana la huko huko. Dayosisi ya Central Tanganyika ilianzishwa mwaka 1927, lakini wamisionari wa CMS, shirika la misheni la Kianglikana kutoka Uingereza, walikuwapo Mpwapwa tangu miaka ya 1870, kwa hiyo makanisa ya zamani ya Ugogo yana vitabu vya kale sana. Katekista alinifungulia kurasa taratibu kwa sababu pembe zinakatika. Babu alibatizwa mwaka 1946. Jina la baba yake limeandikwa kwa wino wa buluu, kwa Ci, tahajia safi. Na kwenye safu ya msimamizi wa ubatizo lipo jina la mtoto wa yule mzee mwenye ng'ombe. Safu hiyo watu wengi huiruka. Usiiruke, wasimamizi na mashahidi ndio wanaokuonyesha nyumba zilizokuwa karibu. Kama ninyi ni Wakatoliki, ulizeni parokia. Kama ni Waislamu, kama walivyo ndugu zetu wengi wa Kondoa, waulizeni masheikh na wazee wa msikiti kuhusu hati za ndoa.

Angalieni pia sanduku la bati. Karibu kila nyumba ya zamani lipo. Katika la kwetu zilikuwamo stakabadhi za kodi ya kichwa zimefungwa kwa uzi, na kila moja ina jina la mlipaji na kijiji. Nyaraka za Taifa kule Dar es Salaam zina vitabu vya wilaya vya enzi ya Waingereza, vyenye habari za koo na watemi. Ni vizuri kwa kujua mazingira, ila usitegemee kumkuta babu yako humo kama hakuwa jumbe au mtemi.

Kijiji kilichoandikwa kwenye stakabadhi zile hakipo tena. Mwaka 1971, kwenye Operesheni Dodoma, watu walihamishwa kuingia vijiji vya ujamaa, na makazi ya zamani yakabaki mahame. Ukipata jina la kijiji usilolikuta kwenye ramani, usikate tamaa wala usidhani limekosewa. Waulize wachungaji wa ng'ombe. Mimi nilipelekwa na kijana wa miaka kumi na minne ambaye analiita eneo lile kwa jina lile lile la kwenye karatasi. Kuna mbuyu, mawe ya kusagia, na alama za kuta za tembe.

Kisha tulihesabu. Kwa karanga za bibi na simu za baba mdogo tulipata wazao 63 walio hai kwa upande wa kiume. Wenye jina letu kwa namna yoyote ni 38: Chi ni 22, Ki 13, Ci watatu tu. Wale 25 wengine wamelipoteza ndani ya kizazi kimoja, wengi kwa njia moja: mtoto ameandikwa jina lake, la baba na la babu, na babu anaitwa Yohana au Samweli. Jina la Kigogo limesukumwa nje na hakuna aliyeliona likitoka. Hivyo ndivyo jina adimu linavyokufa huku kwetu, na watoto wakiwa wengi uwanjani.

Kwa wale ambao karatasi zao hazikubaliani, nawasihi mzirekebishe wenye majina wakiwa hai. Tofauti ya herufi hurekebishwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu, ikieleza kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Ukitaka kubadilisha jina lenyewe, kuna hati ya kubadili jina ambayo husajiliwa kwa Msajili wa Hati. Chagueni tahajia moja kwenye kikao cha ukoo, muiandike kwenye muhtasari, na kila mtoto anayezaliwa aandikwe hiyo. Sisi tumechagua Ci. Cheti cha mtoto wa kaka yangu, aliyezaliwa mwaka jana, nilikisoma mara tatu kabla hatujaondoka dirishani.

Limebaki jambo moja. Bibi alinieleza kwamba baba yake, ingawa alilelewa kwenye nyumba isiyokatazwa kula figo, hakuwahi kuzigusa. Alisema ni mwiko wa kwao, na hicho ndicho kitu pekee alichokumbuka kutoka kwa mama yake. Nilimkumbuka baba kwenye harusi, akizisogeza figo pembeni ya sahani. Miaka yote nilidhani ni tumbo. Jina lilibadilika lakini mwiko ulibaki, na mwiko ni wa ukoo.

Wiki tatu zilizopita baba mdogo alimpigia simu mzee mmoja wa upande wa Kilimatinde, tuliyeelekezwa na mfanyabiashara wa mnadani. Hakumtajia jina letu kabisa. Alimuuliza tu kama kwao wanakula figo. Simu ilikaa kimya, kisha mzee akauliza, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Tunakwenda Jumamosi. Bibi amesema lazima naye awepo.